Vali Tatu na Maji ya Kilimani

Nyie vijana mnaofungua boksi la vali mkasoma karatasi kabla ya kushika chuma, sogeeni hapa. Mimi karatasi sikuwahi kuiamini upesi. Darasa la tatu niliingia, la nne nililiona kwa mbali tu, kwa sababu baba alifariki na shamba la mihogo likataka mtu. Lakini waulizeni mafundi wa bomba kuanzia Mlandizi mpaka Kisarawe: nani alikuwa akiweka spana kwenye bomba, sikio kwenye spana, kisha akakwambia pampu inaumwa wapi? Watawatajia Fundi Rama. Wasiponitaja, basi hao si mafundi, ni wapaka rangi.

Sijisifu. Nasema kilichopo. Mtu aliyeanza kwa kuchimba mitaro ya mabomba kwa jembe la mkono, akaishia kuitwa mezani na wahandisi wamuulize vali gani inunuliwe, huyo akinyamaza atakuwa anamkosea Mungu aliyempa.

Sasa kila kijana anayekuja kwangu swali lake ni lilelile. "Mzee Rama, vali ipi ni nzuri?" Ni kama kuniuliza mke yupi ni mzuri. Mzuri kwa nani? Anakwenda kuishi wapi? Atakula nini? Mimi nilijifunza kuchagua vali siku moja tu, kwenye karakana yetu ya maji Kibaha, na walionifundisha nitawataja kwa heshima zao mmoja mmoja, maana fundi asiyewataja waliomfundisha ni mwizi wa spana.

Wa kwanza ni Mzee Mayunga.

Mzee Mayunga alikuwa Mnyamwezi na mimi Mzaramo, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujaonana. Babu zake walishusha mizigo pwani kutoka bara, babu zangu wakawapokea, na tangu hapo sisi hatutukanani, tunataniana. Mtani akikusema, hununi. Mtani akichukua kitu chako, hudai. Ukinuna au ukidai, aibu ni yako, si yake. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Siku yangu ya kwanza karakana, iliyokuwa njia ya kwenda Tumbi, alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni akasema, "Mzaramo, umekuja kazini au umepotea njia ya ngomani?"

Nikamjibu, "Nimekuja kupokea mzigo, mpagazi wangu. Tua."

Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akanipa sanduku la spana, zito kama maiti. "Leo beba wewe. Sisi tumebeba vya kutosha."

Nikabeba. Na hapo ndipo chuo changu kilipoanza. Mzee Mayunga hakuwa na ubao wala chaki. Alikuwa na nyundo ndogo, kibatari na chupa ya mafuta ya taa. Vali mpya ikifika, kwanza aliigonga kwa nyundo. Chuma kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hulia kama chungu cha udongo, hata rangi yake iwe nzuri namna gani. Kisha alichukua moshi wa kibatari, akapaka masizi pale kifuniko cha ndani kinapokalia, akafunga, akafungua. Masizi yakihamia mviringo mzima, vali inakaa. Yakihamia upande mmoja, vali inadanganya. Mwisho aliijaza mafuta ya taa upande mmoja akaenda kunywa chai. "Maji ni muungwana," alikuwa akisema, "hata mlango mbovu yatabisha hodi kwanza. Mafuta ya taa hayana adabu. Penye upenyo wa unywele yanapita." Akirudi akikuta upande wa pili umelowa, vali inarudi stoo.

Mpaka leo sijaona chombo cha bei kubwa kilichoshinda vitu hivyo vitatu. Andikeni.

Sasa Kilimani. Hilo si jina la kwenye ramani, sisi mafundi ndio tuliopaita hivyo. Ni kijiji kilichokuwa kipya wakati ule, upande wa Kurui, watu waliokuwa wametawanyika mabondeni walipohamia kukaa pamoja. Udongo mzuri, upepo mzuri, shule ilikuwa inajengwa. Maji tu ndiyo yalikuwa chini, kwenye kisima cha bondeni karibu na kijito, na nyumba zilikuwa juu. Tukafunga pampu ya dizeli kisimani, bomba likapanda mlima mpaka kwenye tangi, na kutoka tangini maji yakashuka mpaka magatini, kila mtaa na bomba lake la kuchotea.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mwanamke, Bi Mwanaidi. Wanaume wa Kilimani walimchagua wenyewe, wakawa wanaona aibu kusema kwamba walimchagua kwa sababu walikuwa wanamwogopa. Mwembamba, sauti ya chini, haji kwako mara mbili kwa jambo moja. Yeye ndiye aliyezunguka mabondeni kuwaambia akina mama: hameni, kule juu mtachota maji mlangoni. Wakahama kwa neno lake. Kwa hiyo maji ya Kilimani hayakuwa maji tu. Yalikuwa neno la Bi Mwanaidi.

Pale kwenye pampu kulikuwa na vali moja ambayo kila kitu kiliitegemea. Sisi tuliiita vali ya mlango. Ndani yake mna kijimlango kilichoning'inia: maji yakipanda hukisukuma kikafunguka, pampu ikizimwa maji yanataka kurudi, kijimlango kinajifunga. Kikikataa kufunga, maji yote ya tangi yanarudi kisimani kupitia bomba lilelile yalilopandia. Na dizeli wakati ule mnajua wenyewe, au waulizeni wazazi wenu. Tulipata kidogo, tukawasha pampu asubuhi tu, tangi lijae, litumike mpaka kesho. Vali ikivuja, dizeli yako umemwaga bondeni.

Vali ya kwanza ilitoka Ulaya, na kwenye chuma chake walimimina alama ya jogoo. Sisi tukaiita Jogoo. Kusema haki, sijaona vali kama Jogoo. Iligongwa ikalia kengele ya kanisa. Lakini mchanga wa kijito kile ulikuwa mwembamba kama unga, ukailamba ndani mpaka kiti cha kijimlango, pale kinapokalia kikijifunga, kikawa na mifereji. Tangi likaanza kushuka bila mtu kuchota.

Mhandisi wetu Kibaha alikuwa Ndugu Temu. Msomi wa ng'ambo, lakini mtu wa kukunja mikono ya shati. Akaagiza Jogoo nyingine, jibu likaja: fedha za kigeni hakuna, subirini. Akaniita.

"Ndugu Ramadhani, Jogoo hatuipati. Tafuta mtu mwingine mwenye vali ya aina hii, tutakayemlipa kwa shilingi. Utakayemchagua utanieleza kwa nini, nami nitatia saini."

Hebu fikirini! Mtu wa darasa la tatu. Nilitoka ofisini mle nikitembea kama bwana harusi.

Na kwa furaha hiyo nilipanda gari la mizigo mpaka Kilimani, kwenye mkutano wa kijiji, nikasimama. Siwezi kuona watu wamekusanyika nikakaa. Watu walikuwa wamenuna. Mzee mmoja wa bondeni alisema waziwazi, "Maulidi yakifika bila maji, sisi tunarudi kwenye visima vyetu. Hatukuhamia tangi kavu." Wengine wakaguna kukubali. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa tu, anatazama mikono yake.

Nikasema, "Ndugu zangu, mimi Fundi Rama nawaambia: siku ya Maulidi maji yatatoka hapa mpaka mseme basi. Yasipotoka, nitavaa khanga za mke wangu, nijitwike ndoo kichwani, nipande mlima huu mbele yenu wote!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Mayunga, aliyekuja nami, akainama sikioni kwangu. "Mtani, khanga za mkeo zitakutosha? Tumbo lako hilo linataka doti mbili."

Nilipoteremka jukwaani Bi Mwanaidi aliniita kando. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, umesema mbele ya watu. Mimi nilisema kabla yako. Wewe likikushinda utavaa khanga, watu watacheka, yataisha. Mimi likinishinda, hiki hakitakuwa kijiji tena."

Neno hilo lilinitoa kiburi kwa muda. Kwa muda tu.

Nikaingia Dar es Salaam kutafuta. Ushauri wangu kwenu: ukitafuta mtu wa kukuuzia, usianze na wauzaji. Anza na mafundi wa viwanda vingine. Nilikwenda kwenye kiwanda cha nguo, cha sabuni, mpaka kwa mafundi wa meli, nikawa nauliza jambo moja, "Vali yenu ikiharibika mnamwita nani, na anakuja?" Hilo la pili ndilo lenye maana. Majina mengi yalidondokea hapo. Mikononi mwangu yakabaki mawili.

Tukawaita wote wawili siku moja karakana. Mezani tukaweka Jogoo kongwe iwe kipimo, na kila mmoja akaweka yake pembeni.

Wa kwanza alikuwa Ndugu Seif, wakala wa kampuni ya ng'ambo, kijana wa Kizaramo aliyekulia mjini, shati limenyooka kama karatasi. Vali yake ilikuwa na alama ya nyota. Rangi ya samawati, inang'aa, nyepesi, kijimlango chake kimevishwa mpira uliogandishwa hapohapo kiwandani. Tukaigonga, kengele. Tukaipaka masizi, mviringo kamili. Tukaijaza mafuta ya taa, Mzee Mayunga akaenda kunywa chai, akarudi, kukavu kabisa. Jogoo yenyewe ilipokuwa mpya haikufanya vizuri hivyo.

"Na inafunguliwa wapi?" nikamuuliza.

Seif akatabasamu. "Kaka, haifunguliwi. Haina haja. Hii haiharibiki."

Wa pili alikuwa Mzee Jaffer, mwenye duka la vyuma mjini, mzee wa Kihindi ambaye babu yake amezikwa Bagamoyo na Kiswahili chake kinashinda chenu. Vali yake ilitoka nchi za mashariki, ina alama ya tembo, na tembo ndilo jina lake la haki: nzito, nyeusi, imeparuza mikono yetu. Juu ina kifuniko chenye bolti nne, na ndani kijimlango cha chuma kimevishwa ngozi ya ng'ombe. Ngozi, kama kiatu! Mafundi wakaanza kucheka.

Ndugu Temu akamuuliza, "Mzee Jaffer, hii itakaa muda gani?"

Mzee Jaffer akavua kofia akaiweka juu ya goti. "Itaharibika, Ndugu Mhandisi."

Sijawahi kusikia mfanyabiashara akisema hivyo, na nimesikia wengi.

"Kwa mchanga mnaousema, ngozi italiwa," akaendelea. "Chuma hakitaliwa, ngozi ndiyo italiwa. Mkiona tangi linashuka na hakuna anayechota, fungueni bolti hizi nne kwa spana moja, toeni ngozi, katieni nyingine kwa kipimo cha hii. Ngozi moja ya akiba ninayo hapa. Nyingine ziko melini. Iwe ngozi iliyolainishwa vizuri na mafundi wa ngozi, nene, isiyo na kovu. Mpira msiweke, mchanga utazama ndani ya mpira."

Seif akacheka kwa adabu. "Sasa Mzee, unauza vali au unauza maradhi?"

Hata mimi nilicheka. Nyota ilikuwa inang'aa pale mezani kama bibi harusi. Ndugu Temu mwenyewe, naye alikuwa mtu wa haki, alisema vipimo vyote vimeipa Nyota ushindi, na kalamu ilikuwa tayari mkononi.

Hapo Mzee Mayunga akainuka, akaichukua Nyota mezani, akaiweka kwapani kama kuku, akatoka nayo nje.

"Mzee! Mzee, hiyo ni sampuli ya kampuni!" Seif akaruka.

"Wewe si Mzaramo?" Mzee Mayunga akamuuliza bila kugeuka.

"Mzaramo ndiyo, lakini..."

"Basi nyamaza, mtani. Babu yangu alimshushia babu yako pembe za ndovu kutoka begani, akalipwa shuka moja na maneno mengi. Leo nachukua chenji."

Karakana nzima ikaangua kicheko, Ndugu Temu naye. Seif angefanya nini? Kununa hawezi, kudai hawezi. Kama angeichukua mtu mwingine, pangekuwa na barua na lawama. Mtani hana barua. Seif akajikuta anacheka, akamfuata nje, nasi wote tukamfuata.

Nje palikuwa na pampu yetu ya majaribio na pipa la maji ya kisima cha Kilimani ambalo Mzee Mayunga alikuwa ameletewa na gari letu, na hakuniambia. Maji yale ukiyatazama ni safi. Ukiyaacha yatulie, chini kunalala mchanga mwembamba. Akaifunga Nyota, akayakoroga maji kwa mti, akawasha.

Ikafanya kazi vizuri. Akazima. Ikashika. Akawasha tena, akazima tena. Mara ya tatu, mara ya nne, tukaona upande wa chini unadondosha. Tone, kisha mchirizi, kisha maji yanarudi yakicheka. Mchanga ulikuwa umejipachika kwenye mpira. Seif akaigonga, akaitikisa, akaisuuza. Haifunguliwi. Kilichoingia kimeingia.

"Sasa ya Mzee Jaffer," akasema Ndugu Temu.

Ikafungwa Tembo, na hapa ndipo wengi wanapokosea wakiisimulia habari hii. Tembo nayo ilivuja! Si muda mrefu, mchirizi uleule. Seif akapata pumzi. Mzee Jaffer alichukua spana, akafungua bolti nne, akatia kidole, akafuta ngozi kwa pembe ya kitambaa chake cha mkononi, akafunga. Pampu ikawashwa, ikazimwa. Kavu.

Ndugu Temu akanigeukia. "Ndugu Ramadhani, chagua. Eleza kwa nini."

Nikasimama kama mtu anayetoa mahari. Nikasema: "Zote mbili zinaumwa na mchanga. Moja ikiumwa inazikwa, nyingine ikiumwa inatibiwa, na dawa yake ni spana na ngozi, vitu ambavyo Kilimani vipo bila meli. Tena huyu mzee ametuonyesha ugonjwa wa mali yake kabla hatujauona. Nitanunua kwake leo, na kesho nikipiga hodi najua atafungua."

Ndugu Temu akatia saini palepale juu ya pipa. Kisha akafanya jambo ambalo mimi na ujuzi wangu wote nisingelifanya. Akauinua mlango wa Tembo kwa kidole, akauachia, ukapiga kwa kishindo. Akasema, "Mlango huu ni mzito. Tukiuweka kwenye bomba linalopanda mlima, kila tukizima pampu maji yatarudi na kuubamiza, mpaka bomba lipasuke. Tutaiweka kwenye bomba lililolala, hapa karibu na pampu." Akachora kwa kijiti kwenye mchanga. Vijana, msije mkanisikia nikiwasifu wasiosoma mkadhani nawadharau waliosoma. Bila kijiti kile cha Ndugu Temu, Tembo ingetupasulia bomba.

Na Seif naye msimcheke. Aliondoka na Nyota yake yenye mchanga, akawaandikia watengenezaji wake ukweli wote. Baadaye sana alirudi na Nyota yenye kifuniko cha bolti, na tukanunua. Kijana anayeshindwa akarudi na dawa, huyo mwekeni karibu.

Tukaifunga Tembo Kilimani. Bi Mwanaidi akataka afundishwe yeye kwanza, kabla ya mwendesha pampu. Akafungua bolti kwa mikono yake, akaikagua ngozi kama anachagua kitambaa sokoni. Mchanga ulikuwa mkali kuliko tulivyofikiri, ngozi ya kwanza ikaisha mapema, tukaweka ile ya akiba. Meli ya Mzee Jaffer ikawa bado iko njiani. Wazee wa Kilimani, kwa moyo mzuri kabisa, wakaleta kipande cha ngozi ya ngoma kiwe akiba. Wazaramo tukiambiwa ngozi, akili inakwenda kwenye ngoma. Tulipoijaribu, ikalowa, ikavimba, ikawa laini kama utumbo. Ngozi ya ngoma ni mbichi, haikulainishwa na fundi. Kwenye maji inarudi kuwa ng'ombe. Mzee Mayunga alicheka wiki nzima. "Mlitaka vali au mlitaka icheze?"

Maulidi yakafika. Wageni walikuja kutoka Kisarawe mjini, Mlandizi, mpaka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa na kanzu mpya, kofia ya viua, na makubazi niliyoyaagiza kwa fundi wa Bagamoyo, soli tatu za ngozi zimeshonwa pamoja, ukikanyaga watu wanageuka. Dizeli ilibaki dumu moja. Asubuhi pampu ikawashwa, tangi likaanza kupanda, nami nikavua makubazi yangu mlangoni na kuingia kwenye Maulidi kifua mbele. Mzee Mayunga si Mwislamu, akabaki bondeni kwenye pampu.

Yaliyotokea nje nilihadithiwa baadaye. Pampu ilipozimwa, Mzee Mayunga akaweka spana kwenye bomba na sikio kwenye spana, akasikia maji yanarudi. Ngozi ya akiba imechanika. Akafunga koki ya juu kuyazuia yaliyobaki, lakini koki ikifungwa pampu haiwezi kupandisha, na tangi limeshashuka chini ya nusu. Masufuria ya pilau yako motoni, wageni hawajanawa, wazee wa bondeni wamekaa wanatazama magati. Akapanda mlima kumwita Bi Mwanaidi jikoni. Akamwambia, "Mwenyekiti, nataka ngozi nene iliyolainishwa na fundi." Bi Mwanaidi akafikiri kidogo, akageuza macho kwenye mlango wa Maulidi, palipojaa viatu.

"Mimi siwezi kuchukua kiatu cha mgeni wangu," akasema.

"Wewe huwezi," Mzee Mayunga akajibu. "Mimi nina mtani mle ndani."

Tulipomaliza dua nikatoka wa kwanza, nisikie sifa zangu. Mlangoni nikakuta kubazi moja. Moja! Nikapekua viatu vya watu wote, nikainama na kanzu yangu, wageni wananitazama. Kisha nikasikia pampu bondeni inaunguruma, ikanyamaza, na nikasubiri. Gati la karibu lilikuwa limefunguliwa. Maji yakatoka, yakaendelea kutoka, akina mama wakapiga vigelegele mtaa kwa mtaa. Yule mzee wa bondeni aliyesema watarudi kwenye visima vyao akasogea gatini, akanawa uso, akanawa tena, akaenda kukaa mbele kabisa kwenye mkeka wa pilau.

Nikateremka bondeni mguu mmoja mtupu. Mzee Mayunga na Bi Mwanaidi walikuwa wamekaa juu ya bomba, mikono myeusi. Pembeni, kisu na mabaki ya kubazi langu, kamba zake na shanga.

"Mayunga! Makubazi yangu ya Bagamoyo!"

"Unadai?" akaniuliza.

Nikakumbuka nani ni mtani wa nani. "Sidai. Nauliza tu. Viatu vyote vile, kwa nini changu?"

"Nilitafuta kitu kinene kuliko vyote Kilimani," akasema. "Mdomo wako ulikuwa ndani unaomba dua, nikachukua kubazi."

Bi Mwanaidi, ambaye sijawahi kumwona akicheka mbele ya watu, alishika mbavu akaegemea pampu, machozi yakamtoka. Alipotulia aliinuka, akafuta mikono kwenye khanga yake, akaniambia, "Mwanangu, ulisema maji yatatoka, yametoka. Khanga za mkeo zimepona." Kisha akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaushika muda, akapanda mlima kwenda kwa wageni wake. Wageni wake, kijijini kwake.

Meli ilipofika, Mzee Jaffer alileta ngozi za akiba mwenyewe mpaka Kilimani. Akaifungua Tembo aone. Akaibonyeza soli yangu kwa kidole gumba, akaitazama ilivyokaa, akafunga tena bolti. "Hii msiitoe," akasema. "Ni nzuri kuliko zangu." Ndiyo maana hata leo nikisikia mtu anaulizia muuzaji, nina jina moja mdomoni.

Mzee Mayunga alistaafu akarudi kwao bara. Salamu zake zinanifikia, na kila salamu lazima aulizie mguu wangu. Nami nimeacha kazi na kukaa zangu hapa Mlandizi, na ninyi vijana mkija kuniuliza mambo ya vali, mnalitazama kubazi moja lililotundikwa ukutani, mnacheka pembeni, mnasema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Juzi mmoja wenu alithubutu kuniuliza mwenzake yuko wapi.

Nilimwambia: mwenzake alikwenda kazini Kilimani, na sijasikia kwamba amerudi.